Jinsi ya kuchora grafu ya umeme wa neva bila kukariri

Chukua karatasi, mstari wa kusimama uwe milivolti, wa kulala uwe milisekunde. Anzia -70, hapo seli ya neva imetulia tu, ndani ni hasi kuliko nje, potasiamu imejaa ndani na sodiamu nje (zote ni chembe zenye chaji chanya). Usiandike sifuri, wengi ndo wanapokosea.

Sasa kichocheo kikiigusa seli, panda taratibu mpaka kama -55. Hapa ndo penyewe, ukiishia -60 hakuna kitu, laini inarudi chini kimya kimya, lakini ikigusa -55 milango ya sodiamu kwenye utando wa seli inafunguka, sodiamu inaingia, ndani panazidi kuwa chanya, na hiyo inafungua milango mingine tena, kwa hiyo chora laini inayopaa karibu wima hadi +30 au +40 hivi, yote hayo kama milisekunde moja tu. Kichocheo kikubwa hakirefushi huo mlima, kinafanya tu seli irushe ishara mara nyingi zaidi.

Kileleni milango ya sodiamu inajifunga, potasiamu inatoka, shuka nayo, pitiliza kidogo chini ya -70 kisha rudi. (Ile pampu ya seli inayotoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani haishushi huo mlima, inatunza tu akiba ya sodiamu nje na potasiamu ndani.)

Na ishara inasafirije? Chora grafu ileile mbele kidogo kwenye waya wa seli, maana kila kipande kinaamsha jirani yake, ila kilichotoka kurusha bado kimefungwa so ishara hairudi nyuma. Penye mayelini, yaani ganda la mafuta linalofunika waya huo na kuacha mapengo, inaruka kutoka pengo hadi pengo, hata mita 100 kwa sekunde.