Mtoto ameshtakiwa Kenya: jinsi ya kudai ushahidi wa upande wa mashtaka

Naandika mara moja, nikiulizwa tena nibandike hapa tu. Haya ni ya Mahakama ya Watoto.

1. Pata nambari ya kesi na nakala ya hati ya mashtaka.

2. Mtoto awe na wakili. Hamna pesa? Mwambieni hakimu mapema, serikali inaweza kugharamia.

3. Daini ushahidi. Wazazi wengi hukwama hapa. Ibara ya 50(2)(j) ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi utakaotumiwa na kuupata ipasavyo. Lakini mzazi humvizia mpelelezi koridoni, anaambiwa "njoo wiki ijayo", na wiki haziishi. Koridoni hakuna rekodi. Wakili aombe mbele ya hakimu kesi inapotajwa, iandikwe, tarehe itolewe. Mkikabidhiwa, kagueni papo hapo: taarifa za mashahidi wote, picha, ripoti ya umri, na P3, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari, kama kuna majeraha (kurasa zote!). Kinachokosekana kitajwe kabla shahidi wa kwanza hajaanza. Mkinyamaza mpaka katikati, mtaonekana mnachelewesha kesi.

4. Msomee mtoto taarifa hizo polepole, bila kumfokea. Yeye ndiye aliyekuwepo, si wewe.

Maswali

Baba Naima: Sasa naomba wapi?
— Hatua ya 3. Isome.

Msafiri: Taarifa za mashahidi nilizipiga picha nikatupia grupu la familia. Kuna shida?
— Kubwa. Zifute. Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda utambulisho wa mtoto aliye kortini, na huenda mlalamishi pia ni mtoto. Usiniambie grupu ni la ndugu tu.

Mama Riziki: Je, sisi nasi tunalazimika kuwapa upande wa mashtaka taarifa za mashahidi wetu?
— Umeuliza la maana, mama. Katika kesi ya mauaji iliyomkabili Tom Cholmondeley, Mahakama Kuu iliagiza utetezi nao utoe zake. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ikakataa: wajibu huo ni wa upande wa mashtaka. Kesi ilikuwa ya mtu mzima, lakini mtoto hawezi kuwa na haki pungufu.

Mama Riziki: Asante. Hiyo ripoti ya umri ni ya nini?
— Chini ya miaka 12 hawajibiki kwa jinai. Chini ya 14, huchukuliwa hana uwezo wa kupambanua kosa hadi ithibitishwe vinginevyo. Beba cheti cha kuzaliwa.

Baba Naima: Na kikipotea?
— Hilo sasa ni swali. Tafuta kadi ya kliniki au rekodi za shule, kwani daktari hukadiria tu.