Nyoka wawili, sanduku moja? Namna ya kuwatenga, na kwa nini

Kila nyoka na sanduku lake. Somo hili ni la wanaofuga boa wa mchangani (Eryx colubrinus) na nyoka wa nyumba (jamii ya Boaedon), ambao wote hawana sumu na ni wa hapa Kenya. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga mnyamapori bila kibali, kwa hivyo pitia KWS (Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya) kwanza, ndipo uende dukani.

Kwa nini tunawatenga

Ukiinua kificho ukakuta nyoka wawili wamejikunja mmoja juu ya mwingine, usidhani wanapendana. Angalia nani amelala wapi. Mara nyingi mkubwa ndiye aliyeshika pale penye joto zuri, na mdogo amebanwa ukingoni. Nyoka hutegemea joto la mahali alipo, na bila joto hilo chakula hakisagiki tumboni. Aliyesukumwa penye baridi atameza panya wake vizuri, siku ya tatu au ya nne amtapike, nawe uanze kumtafutia dawa ya ugonjwa ambao hana.

Halafu kuna jambo la kujua nani ana nini. Ukikuta kinyesi chenye majimaji juu ya gazeti, ni cha nani? Gamba lililovuliwa vipande vipande je? Panya aliyetapikwa? Kwa nyoka mmoja unapata jibu hapo hapo. Kwa wawili unakisia, na wiki mbili za kukisia zinatosha kumpoteza nyoka mdogo.

Wakati wa chakula hatari ni ya wazi zaidi. Boa jike hufika sentimita 80 hivi, dume mara nyingi hazidi 50. Wote wawili wakinusa panya, jike hushika chochote kinachotikisika mbele yake, kikiwemo kichwa cha dume. Na dume akikaa na jike daima, jike hupandwa kabla mwili wake haujakomaa; nyoka wa nyumba hutaga tena na tena mwaka mzima hadi mifupa ya mgongo inaonekana.

Wapo nyoka wanaostahimili wenzao. Wale wa jamii ya Thamnophis wa Amerika Kaskazini hulala pamoja mashimoni kwa maelfu msimu wa baridi, kama kule Narcisse, Kanada. Hata hao, wakifugwa, kila mmoja hulishwa peke yake.

Hatua ya 1: Sanduku

Kwa boa jike mzima tafuta sanduku la plastiki la sentimita 75 kwa 45, kimo 30. Dume anatosheka na 60 kwa 40. Nyoka wa nyumba mpe 90 kwa 45, maana huyu ni mtembezi wa usiku. Kifuniko kiwe na vifungio pande zote nne. Kile cha kubonyeza tu, nyoka hukisukuma kwa pua kwenye pembe usiku kucha mpaka kiachie.

Toboa matundu ya milimita 4 kwenye mbavu mbili ndefu zinazoelekeana, si juu ya kifuniko peke yake, upepo upate kuingia huku na kutokea kule. Msumari uliopashwa moto unafanya kazi hiyo, lakini utoboe kutoka ndani kwenda nje ili makali yabaki nje, kisha upige msasa. Kwa hewa ya Mombasa hapa ndipo pa kutumia bidii. Unyevunyevu wetu hupita asilimia 70 kwa urahisi, na boa wa mchangani anataka ukavu. Akikosa upepo, magamba ya tumbo huwa mekundu halafu hudhurungi, na kifua huanza kukoroma.

Hatua ya 2: Joto

Upande mmoja wa boa uwe digrii 32, wa pili 26 au 27. Nyoka wa nyumba, 30 kwa 25. Wakati wa kaskazi chumba chenyewe kinafika huko, kwa hivyo zima kabisa kikeka cha umeme cha kupasha sanduku joto na uangalie upande wa baridi usipite 29. Nyumba ya mabati isiyo na dari haifai miezi hiyo. Kusi ikiingia, usiku wa Julai na Agosti joto hushuka hadi digrii 20 na kidogo. Washa kikeka, kilale chini ya sakafu ya sanduku upande mmoja, kwa eneo la theluthi moja, na siku zote kiwe na themostati, yaani kifaa cha kukizima joto likifika kiwango. Pima kwa kipimajoto kilicholala sakafuni mwa sanduku. Kile cha kubandika ukutani hupima hewa, na nyoka halali hewani.

Hatua ya 3: Ndani

Vificho viwili vinavyofanana, kimoja kila upande, vidogo vya kumgusa nyoka mwili mzima. Akipewa kimoja tu, atachagua kati ya kujificha na kupata joto. Bakuli la maji zito, lisilopinduka. Boa atandikiwe mchanga wa mto uliooshwa na kuanikwa, sentimita 6 au 7 kwenda chini. Mchanga wa pwani una chumvi na vipande vya matumbawe, uache huko huko. Makumbi ya nazi hushika maji mno kwa boa. Nyoka wa nyumba anayavumilia, ingawa gazeti ni rahisi zaidi. Vumbi la mbao zenye harufu kali, kama mwerezi, lisiingie kabisa.

Miguu ya rafu isimame ndani ya mikebe ya maji. Sisimizi wakimpata nyoka anayejivua gamba, hawamwachi.

Hatua ya 4: Mgeni

Nyoka mpya akae chumba kingine siku 90, juu ya karatasi nyeupe. Mhudumie wa mwisho, kisha unawe mikono hadi viwiko. Unachotafuta ni utitiri: chembe nyeusi zinazotembea, hasa kuzunguka macho, chini ya kidevu, na zilizozama ndani ya maji. Nyoka anayeshinda bakulini kutwa, mara nyingi ni utitiri huo. Sanduku lake lioshwe kwa sabuni, kisha dawa ya klorini sehemu 1 kwa maji sehemu 10, dakika 10, lisuuzwe mpaka harufu iishe. Dawa zenye fenoli ni sumu kwa nyoka.

Hatua ya 5: Kulisha

Panya awe na unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi. Mtoto hula kila siku 5 hadi 7, mzima kila siku 10 hadi 14. Panya wa dari usimtumie, huenda amekula sumu ya jirani. Usimshike nyoka saa 48 baada ya kula.

Maswali ya wanachama

*Likoni: Maalim, nina vifaranga 9 wa nyoka wa nyumba, tumbo moja. Nao niwatenge? Nafasi ni ndogo.*

Watenge, ndugu yangu. Waache pamoja mpaka wajivue gamba la kwanza, wiki moja hivi, kisha kila mmoja kwenye kopo la lita moja, matundu ya milimita 2. Makopo tisa hayajazi rafu moja. Andika namba kwenye kila kopo, na tarehe aliyokula.

*Tudor: Je, nikigawa tangi la kioo kwa ubao katikati?*

Inawezekana kama ubao hauonyeshi, umegandishwa kwa silikoni pande zote, na kila nusu ina joto na baridi yake. Hilo la mwisho ndilo huwashinda wengi, kwani kwenye tangi la sentimita 90 kila nusu inabaki 45. Na utitiri hupanda ukuta. Masanduku mawili ni nafuu.

*Kisauni: Wangu wako pamoja miaka miwili na hawajawahi kugombana. Kuna haja?*

Nyoka hagombani kwa kelele, dada. Wapime kwa mizani ya jikoni ya gramu kila wiki, wiki nne, ukizingatia nani amekula lini. Kisha watenge na uwapime wiki nane nyingine. Ukiona mmoja ameanza kunenepa, ujue alikuwa ananyimwa.

*Changamwe: Nimekuta wawili wameshika panya mmoja, kila mtu na upande wake. Nifanye nini?*

Usivute. Meno yamepinda kuelekea nyuma, ukivuta utayang'oa na kuchana mdomo. Kata panya katikati kwa mkasi kama vichwa havijakutana. Vikiwa vimeshakutana, mwagia maji ya baridi kichwani. Asipoachia, tone la spiriti kwenye pembe ya mdomo wa yule mkubwa, si puani. Jeraha lisafishwe kwa povidoni-ayodini (dawa ya vidonda) iliyochanganywa na maji hadi ifanane na chai ya rangi nyepesi, akae juu ya karatasi safi, asilishwe siku 10. Ngozi ikiwa imechanika, daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.