Kampuni ikija kujenga karibu na mto: jiandae hivi kwa mkutano wa wadau

Nalima mchicha na sukumawiki bondeni mwa mto Themi, chini ya mji wa Arusha, na mboga zangu zinauzwa soko la Kilombero. Kinachomwagwa huko juu kinapita kwangu. Jiji la Arusha lilikuwa na watu 416,442 mwaka 2012. Sensa ya 2022 ikahesabu 617,631, na wawekezaji hawaishi kupiga hodi. Waje, vijana wetu wanataka kazi. Ila mkutano wa wadau ukiitishwa, usikose.

Kabla ya siku hiyo, nenda kiwanjani na kamba ya mita 20. Anzia ukingo wa mto, pima mara tatu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Kipimo hicho kinatubana hata sisi wakulima, na ni haki. Ukikuta vigingi humo ndani, piga picha inayoonyesha vigingi na maji kwa pamoja.

Mkutanoni watazungumza sana ajira. Wasikilize, kisha uliza swali moja na uling'ang'anie: majitaka yataenda wapi? "Tuna mfumo wa kisasa" si jibu. Bomba linaishia wapi? Shimo likijaa, gari la majitaka litakwenda kumwaga wapi? Umeme ukikatika, mtambo wa kusafisha utaendeshwa na nini? Kutiririsha majitaka mtoni kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, basi omba kukiona. Waeleze pia kwamba Themi inaingia Kikuletwa, na Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanaishi kwa kuvua samaki.

Karatasi ya mahudhurio isome kichwa chake kabla ya kusaini. Mwombe katibu asome kwa sauti alivyoliandika swali lako kwenye muhtasari.

Wakikiuka, andika barua: ofisi ya mtaa, afisa mazingira wa jiji, na NEMC (baraza la taifa la mazingira) Kanda ya Kaskazini. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, la sivyo utaambiwa haikufika. Maji yakibadilika rangi, jaza chupa mbili safi, moja juu ya bomba na nyingine chini yake, uandike tarehe na saa kwenye kila chupa. Usingoje kesho, maana mvua ikinyesha usiku mto utakuwa umeshasafisha kila kitu.