Fuata herufi moja ya DNA mpaka ndani ya seli: jeni ya HBB na selimundu, hatua kwa hatua

Wanafunzi wengi wanaokuja maabara kwa mafunzo ya vitendo wana kanuni yote kichwani: DNA inanakiliwa kuwa RNA, RNA inasomwa na ribosomu, protini inatoka. Muulize mmoja wao ni herufi ipi hasa ya DNA inayomletea mtoto selimundu, iko wapi, na inaifanyaje seli nyekundu ipinde, hapo ndipo mazungumzo yanapokatika. Juzi nilikaa na mmoja wao tukaifuata hiyo herufi kutoka kwenye kromosomu mpaka kwenye seli. Naandika hapa tulivyofanya, maana naamini kabisa kwamba ukifuata jeni moja kwa mkono wako utaelewa kuliko kusoma sura nzima ya kitabu.

Nimechagua HBB, jeni inayotoa maelekezo ya mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu. Ni fupi, imechunguzwa sana, na sisi Tanzania ugonjwa wake tunakutana nao wodini na majumbani.

Vifaa

Kompyuta yenye intaneti, daftari la hesabu lenye viboksi, penseli, na jedwali la kodoni (kodoni ni herufi tatu zinazotaja amino asidi moja, yaani kiungo kimoja cha mnyororo wa protini). Simu inawezekana, lakini mistari ya herufi inavunjika ovyo kwenye kioo kidogo na hesabu zako zitaharibika. Mfuatano wa DNA ubandike kwenye Notepad, kamwe usiubandike kwenye Word. Word inapenda kukusahihishia maandishi, na herufi moja ikibadilika hapa kazi yote imekwisha.

Programu za kutafsiri DNA kuwa protini zipo na ni nzuri. Usiziguse mpaka nitakaposema.

Hatua ya 1: Pata mfuatano sahihi

Nenda NCBI, hifadhidata ya jeni ya Marekani, kwenye sehemu ya Nucleotide, uandike NM_000518.5. Hiyo ndiyo mRNA (RNA inayosomwa na ribosomu) ya HBB ya binadamu, herufi 628. Imeandikwa kwa T badala ya U, ni desturi tu ya hifadhidata. Usitafute kwa neno HBB peke yake, utaletewa mlima wa matokeo, yakiwemo ya wanyama wengine. Na hiyo ".5" ya mwisho ni namba ya toleo, iandike.

Shuka chini mpaka palipoandikwa ORIGIN. Herufi zimepangwa sitini kwa kila mstari, katika mafungu ya kumi kumi. Mpangilio huu utatufaa sana.

Hatua ya 2: Tafsiri kwa penseli

Herufi 50 za kwanza hazitafsiriwi kuwa protini. ATG ya kuanzia iko nafasi ya 51. Kuanzia hapo gawa tatu tatu, kila kodoni kwenye kiboksi chake:

ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG

Kwa jedwali lako: methionini, valini, histidini, leusini, threonini, prolini, asidi ya glutamiki, asidi ya glutamiki tena, lisini. Sehemu inayotafsiriwa inaishia nafasi ya 494, yaani herufi 444, kodoni 148. Ya mwisho ni ya kusimamisha, kwa hiyo zinabaki amino asidi 147.

Ukifikisha kumi kwa mkono, sasa fungua Translate, programu ya kutafsiri kwenye tovuti ya Expasy, ikumalizie. Linganisha na P68871, yaani mnyororo wa beta, kwenye hifadhidata ya protini ya UniProt.

Hatua ya 3: Ipate herufi yenyewe

Hapa ndipo watu wanapopoteza mchana mzima, na kosa huwa si lao. Badiliko lile lile moja linaandikwa kwa namna tatu ambazo ukiziona kwa mara ya kwanza utadhani ni mabadiliko matatu tofauti. Soma taratibu.

Kwanza, namba ya amino asidi. Kwenye vitabu vya zamani, na kwenye mihadhara mingi mpaka leo, utasikia badiliko liko kwenye amino asidi ya 6. Kwenye ClinVar, hifadhidata ya mabadiliko ya jeni na magonjwa, utaona p.Glu7Val, yaani asidi ya glutamiki (Glu) ya 7 imekuwa valini (Val). Zote zinasema mahali pamoja. Wataalamu wa protini walihesabu kutoka kwenye himoglobini iliyokwisha kukomaa ndani ya seli, na humo ile methionini ya kwanza imeshakatwa, kwa hiyo kwao valini ndiyo namba 1 na mnyororo una amino asidi 146. Wataalamu wa jeni wanahesabu kutoka ATG, methionini ikiwa ndani. Tofauti ni moja, daima moja.

Angalia sasa hatari yake. Ukichukua namba 6 ya zamani ukahesabu kutoka methionini, unaangukia prolini, CCT. Angalau hapo utashtuka, kwa sababu ulitegemea asidi ya glutamiki. Hatari kubwa zaidi ni kinyume chake: ukichukua namba 7 ya kisasa ukaanza kuhesabu kutoka valini, unaangukia GAG ya pili, ambayo nayo ni asidi ya glutamiki. Hutashtuka hata kidogo. Utabadilisha kodoni isiyohusika na kila kitu kitaonekana safi. Ndiyo maana nasisitiza penseli: andika namba zote mbili juu ya kila kiboksi, ya kisasa kwa juu, ya zamani kwa chini, na uzungushie duara GAG ya kwanza.

Pili, nafasi kwenye mRNA. Utakuta c.20A>T. Hiyo 20 imehesabiwa kutoka A ya ATG, wala si kutoka mwanzo wa mfuatano uliopakua. Jumlisha zile 50 za mwanzo unapata 70. Rudi kwenye ORIGIN: mstari wa pili unaanzia nafasi ya 61 na fungu lake la kwanza ni tgactcctga. Herufi ya mwisho ya fungu hilo, ile "a", ndiyo nafasi ya 70. Ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Weka kidole hapo uitazame vizuri, kwa sababu ukiweka "t" mahali pake umeandika selimundu.

Tatu, nafasi kwenye kromosomu, na hii ndiyo inayochanganya kuliko zote. Kwenye dbSNP, hifadhidata ya tofauti za herufi za DNA, badiliko hili linaitwa rs334, na kwenye toleo la jenomu la GRCh38 liko kromosomu ya 11, nafasi 5,227,002. Lakini limeandikwa T>A, wakati sisi tumesema A>T! Hakuna aliyekosea. DNA ina kanda mbili zinazokabiliana, na jenomu ya rejea inaandika ukanda mmoja tu, wa mbele. HBB inasomwa kutoka ukanda wa pili, kwa mwelekeo wa kurudi nyuma. Penye A kwetu, ukanda wa mbele una T.

Ukipakua kipande cha kromosomu moja kwa moja, eneo letu litaonekana hivi:

CTCCTCAGGAGTCAGATGCACCAT

Ndani yake kuna ATG, na ATG hiyo ni mtego. Haina uhusiano wowote na mwanzo wa HBB. Mwanzo halisi ni lile CAT la mwisho kabisa, ambalo ukiligeuza na kubadilisha kila herufi kwa mwenzake linakuwa ATG. Na kodoni yetu GAG huku inaonekana CTC. Anayesahau kugeuza ataisoma CTC kuwa leusini, aibadilishe kuwa CAC, apate histidini, kisha aandike kwenye ripoti kwamba selimundu ni leusini kuwa histidini. Kwa hiyo kanuni yangu haibadiliki: anza na mRNA, halafu ndipo uende kwenye kromosomu, usianze na kromosomu.

Kuna njia ya kujihakiki ambayo naipenda mno. HBB kwenye GRCh38 inaanza nafasi 5,227,071 na namba zinapungua kadiri unavyoisoma mbele. Herufi ya 1 ya mRNA ni 5,227,071, kwa hiyo herufi ya 70 ni 5,227,071 toa 69, sawasawa na 5,227,002. Imefika mahali pake. Angalizo: hesabu hii nyepesi inakubali kwa sababu badiliko liko kwenye eksoni (kipande kinachobaki kwenye mRNA) ya kwanza, ambayo ina herufi 142 tu. Jeni nzima kwenye kromosomu ina herufi 1,608, na zaidi ya nusu ni introni mbili zinazokatwa kabla mRNA haijakamilika. Badiliko lililo baada ya introni ya kwanza haliwezi kupatikana kwa kutoa tu.

Angalizo la mwisho: makala za miaka ya nyuma hutumia toleo la GRCh37, ambako rs334 iko nafasi 5,248,232. Kabla ya kubishana na mtu kuhusu namba, muulize anatumia toleo gani.

Hatua ya 4: Badilisha, uone kilichobadilika

GAG inakuwa GTG, asidi ya glutamiki inakuwa valini. Ya kwanza ina chaji hasi na inapenda maji. Ya pili haina chaji na inayakwepa maji.

Hiyo chaji iliyopotea ndiyo iliyomwezesha Linus Pauling na wenzake kuonyesha, mwaka 1949, kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu inakwenda tofauti kwenye umeme. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti yenyewe ni amino asidi moja. Maabara bado zinatumia jambo hilo hilo: kwenye elektroforesisi (kutenganisha protini kwa umeme) ya alkali, HbS, yaani himoglobini ya selimundu, inabaki nyuma ya HbA, himoglobini ya kawaida. Ila ukiona mstari mahali pa HbS usikimbilie kuandika majibu, HbD, aina nyingine ya himoglobini, nayo husimama hapo hapo. Thibitisha kwa elektroforesisi ya asidi au kwa HPLC, njia nyingine ya kutenganisha himoglobini.

Hatua ya 5: Itazame protini

Nenda RCSB PDB, hifadhidata ya maumbo ya protini, fungua 2HBS, bofya kuiona kwa vipimo vitatu. Hiyo ni himoglobini S isiyo na oksijeni. Kumbuka hapa namba ni za zamani: tafuta Val 6. Utaiona imejitokeza nje ya molekuli na kuzama kwenye kishimo cha molekuli ya jirani, karibu na Phe 85 (fenilalanini) na Leu 88 (leusini) za mnyororo wa beta wa huyo jirani. Asidi ya glutamiki isingekaa humo.

Kishimo hicho kinapatikana vizuri himoglobini inapokuwa imeachia oksijeni. Ndiyo sababu damu ya mgonjwa inaweza kupita kwenye mapafu bila tatizo, kisha ikaleta balaa kwenye viungo ilikokwisha kuachia oksijeni.

Hatua ya 6: Rudi kwenye seli

Molekuli moja ikishikana na nyingine, na nyingine, zinajengeka fito ndefu ngumu, kila moja ikiwa na nyuzi 14 zilizosokotana. Seli nyekundu imejaa himoglobini pomoni, kwa hiyo fito zikikua utando wa seli unasukumwa na umbo linavutika kuwa mundu. Seli ikipata oksijeni fito zinayeyuka na umbo linarudi, lakini kila mzunguko unaujeruhi utando, maji na potasiamu vinavuja, himoglobini inazidi kusongamana, na safari inayofuata fito zinajengeka upesi zaidi. Mwisho seli hairudii tena umbo lake. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi huishi kati ya siku 10 na 20. Upungufu wa damu na macho ya manjano vinatoka hapo, na maumivu makali yanatoka kwenye mishipa midogo inayozibwa.

Unaweza kuyaona haya kwa macho yako: tone la damu, sodiamu metabisalfaiti ya asilimia 2 ya kunyonya oksijeni, kioo kidogo juu, ziba pembeni, weka chini ya hadubini. Kipimo hicho hakitofautishi mwenye AS (nakala moja ya jeni ya kawaida, moja ya selimundu) na mwenye SS (zote mbili za selimundu), wala kisitumike kwa mtoto mchanga. Tafadhali, mzazi asiambiwe mtoto "ana selimundu" kwa kipimo hicho peke yake. Mwenye AS ana HbS chini ya nusu, iliyobaki ni HbA inayovuruga ujenzi wa fito, na kwa kawaida anaishi maisha yake vizuri.

Mtoto mchanga naye ana himoglobini F, ambayo haina mnyororo wa beta kabisa. Ina gama, kutoka jeni nyingine zilizo jirani na HBB. Fito hazijengeki nayo. Dalili huja miezi kadhaa baadaye, gama ikipungua na beta ikishika nafasi. Hidroksiurea inafanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuipandisha tena F. Casgevy, tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, nayo haigusi ile herufi ya 70. Inadhoofisha BCL11A, protini inayozima jeni za gama, ndani ya seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe. Inabidi ifanyike huko kwa sababu seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, wala DNA ya kuhariri.

Zoezi

Rudi kwenye ORIGIN, mstari wa pili, uisogee herufi moja nyuma, nafasi ya 69. Badilisha "g" iwe "a". Tafsiri, andika chaji mpya, toa hesabu ya nafasi kwenye kromosomu, na useme itaandikwaje kwenye ukanda wa mbele. Hiyo ni HbC. Asidi ya glutamiki ile ile imeondoka, lakini fito za HbS hazijengeki. Anza kutafuta sababu kwenye 2HBS, kwa kukitazama kile kishimo na kujiuliza kama lisini ingekubali kukaa humo.