SOMO: Usaili wa Sekretarieti ya Ajira (chombo kinachosimamia ajira serikalini Tanzania), toka kufungua akaunti hadi kuitwa kazini

Wakuu, kila tangazo la ajira likitoka, nakuta ujumbe ule ule umejaa: "kaka naanzaje?" Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia hii na sitaongeza neno.

Historia kidogo, maana kuna wanaosema mtihani umeletwa kutukomoa. Wazee wetu waliomaliza chuo miaka ya sabini walipangiwa kazi na serikali, hakuna aliyekaa kwenye dawati kujibu maswali ya mchujo. Wahitimu walikuwa wachache na nafasi zikiwasubiri. Baadaye ikaja Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002, na ajira zikawa mikononi mwa waajiri wenyewe, kila mmoja na kamati yake. Mnajua wenyewe minong'ono ya "mtoto wa nani huyu". Marekebisho ya 2007, Sheria Na. 18, ndiyo yaliyoizaa Sekretarieti ya Ajira kupitia kifungu cha 29. Walimu walichelewa kuingizwa; wao waliendelea kupangwa moja kwa moja hadi usaili wao ulipofanyika mwanzoni mwa 2025, na kelele zake mlizisikia.

Sasa hatua.

1. Fungua akaunti Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti wa kuombea kazi mtandaoni. Uwe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ni bure. Ukiombwa hela ya "kuharakisha", unaibiwa.

2. Jaza elimu yako, pakia vyeti, pamoja na cha kuzaliwa. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au sita sio cheti, usiipakie. Umesoma nje? Cheti cha chuo kihakikiwe TCU au NACTVET (wasimamizi wa vyuo), cha sekondari NECTA (Baraza la Mitihani).

3. Andika barua ya maombi na uisaini. Nasema tena, uisaini. Wadhamini wawe watatu na simu zao ziwe zinapatikana.

4. MAJINA. Hapa ndipo watu wanapomalizikia, na hawaamini hadi siku yenyewe. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi Juma Hamisi. Cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi J. Hamis. NIDA wameandika Mwanaidi Hamisi Juma. Wewe na mama yako mnajua huyo ni mtu mmoja. Anayehakiki hajui, wala si kazi yake kukisia. Kila usaili utawaona wamesimama pembeni ya foleni na bahasha zao, wanapiga simu nyumbani. Wengi wameshika kiapo cha wakili. Kinachotakiwa ni hati ya kubadili jina inayotambulika kisheria, ile inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Mambo matatu. Moja, usisubiri kuitwa ndipo uanze kuishughulikia, siku kati ya tangazo na usaili hazitoshi. Mbili, kifupi cha jina nacho ni tofauti: "J." sio "Juma". Tatu, dada zangu mlioolewa, jina la mume lisiingie kwenye akaunti kama halipo kwenye vyeti.

5. Tangazo la kuitwa kwenye usaili likitoka, ingia kwenye akaunti yako unakili namba ya mtihani. Siku ya usaili hutapewa. Beba vyeti HALISI na kitambulisho. Nauli, chakula na malazi ni juu yako.

6. Mchujo. Huu ni mtihani wa kuandika, na kazi yake ni kupunguza watu. Kufaulu peke yake hakukuvushi, unashindana na wote waliokaa ukumbini, na wanaoitwa hatua inayofuata hutegemea nafasi zilizopo. Ushauri wangu: chukua sehemu ya "majukumu ya kazi" kwenye tangazo, kila mstari ugeuze kuwa swali, ujijibu kwa maandishi. Kama tangazo linasema "kutunza daftari la mali", ujue daftari hilo lina safu gani, nani anasaini, na mali ikipotea hatua ya kwanza ni ipi. Anayejua hivyo atamwacha mbali aliyekariri historia ya mwenge.

7. Kuna kada zina vitendo, kama madereva. Fanya mazoezi, basi.

8. Mahojiano ya ana kwa ana. Jibu ulichoulizwa, kisha nyamaza.

9. Waliofaulu wakakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na nafasi ikipatikana wanaweza kupangiwa. Simu usiizime.

MASWALI

Kijana wa Nanjilinji: Mkuu naanzaje kuomba?
— Hatua ya 1.

Kijana wa Nanjilinji: Sawa, ila cheti changu kimepotea, naweza kutumia hati ya matokeo?
— Hatua ya 2. Soma kwanza, ndugu yangu, ndiyo maana nimeandika.

Binti Rufiji: Shikamoo kaka. Mimi ni mtumishi tayari halmashauri, nataka kuhamia kada nyingine niliyoisomea. Miaka yangu ni 47.
— Marahaba. Swali zuri, na nililisahau. Ukomo wa miaka 45 unawahusu walio nje, wewe uliye kazini serikalini haukubani. Ila barua yako ipitie kwa mwajiri wako. Usiruke hapo ukidhani hawatajua.

Mzee wa Data: Haya yote ni geresha, nafasi zina wenyewe.
— Inawezekana unamjua mtu aliyepita hivyo. Mimi nawajua waliopita bila kumjua mtu, na wengi zaidi walioangushwa na jina. Kama una ushahidi upeleke TAKUKURU, wanaopambana na rushwa, hapa tunasaidiana kuomba.

Otieno Mwandani: Huku Kenya hatuna mtihani wa aina hii wa nchi nzima, ama?
— Kwenu ni Tume ya Utumishi wa Umma, ipo kwenye Ibara ya 233 ya Katiba ya 2010. Wanatangaza, wanachuja maombi, wanahoji. Mkenya aliyehojiwa atupe uzoefu.

Mpenda Mambo: Hivi wazo la kuajiri kwa mtihani lilitoka wapi? Wazungu?
— Hapana, Wachina. Walianza enzi za ukoo wa Sui, zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, wakaufuta 1905. Mtahiniwa alifungiwa kwenye kijichumba na mbao mbili, mchana zikiwa meza na kiti, usiku kitanda. Uingereza iliandikiwa ripoti ya Northcote na Trevelyan mwaka 1854, iliyoshauri watumishi wa serikali waajiriwe kwa mtihani, na mwaka uliofuata mtihani wa kuingia utumishi wa serikali ya kikoloni ya India ukafanyika London. Mhindi wa kwanza kufaulu ni Satyendranath Tagore, 1863. Kinachonichekesha ni kwamba maafisa wa kikoloni walioletwa Tanganyika hawakupita kwenye mtihani huo. Bwana Ralph Furse wa Wizara ya Makoloni aliwachagua kwa mahojiano na barua za wadhamini, akiangalia mtu kasoma shule gani na anakaaje kwenye kiti. Kwa hiyo Mzee wa Data, "kujuana" hakukuanza jana.

Mpenda Mambo: Asante sana mkuu, nimefaidika.

Jirani wa Kizota: Nyongeza. Wanaokuja Dodoma, fikeni siku moja kabla. Na ukisema "nipeleke UDOM" (Chuo Kikuu cha Dodoma) bodaboda atakuuliza UDOM ipi, maana ndaki ziko mbali mbali. Shika jina la jengo lililoandikwa kwenye tangazo.
— Sahihi. Na asubuhi kuna baridi ya upepo, beba sweta.

Kijana wa Nanjilinji: Namba ya mtihani tunapewa getini?
— Hatua ya 5.