Vifaa vya kuanzia na mashine ya kukata stika nyumbani: panga kazi kwanza, ndipo uende dukani

Mwezi uliopita binti mmoja wa mtaani kwetu Tabata alinijia na mfuko umejaa hadi mdomoni. "Shikamoo anti. Mama kasema nije unielekeze. Mashine ninayo wiki ya tatu na sijatoa hata stika moja inayoeleweka." Tukamwaga kila kitu mezani. Alikuwa amenunua kile kifurushi cha vifaa zaidi ya thelathini kinachouzwa pamoja: ndoano za aina sita, mikasi mitatu, kalamu za rangi, vibano, rula za maumbo. Vingi bado vilikuwa kwenye nailoni. Mkeka wa kukatia, ile plastiki yenye gundi inayoshika nyenzo wakati wa kukata, alikuwa nao mmoja tu, umeshika nywele na vumbi hadi hauna gundi tena, na vinili (ile plastiki nyembamba ya rangi inayokatwa kuwa stika na maandishi) aliyonunua ilikuwa ya fulana, wakati kazi aliyopewa ilikuwa kuandika majina kwenye chupa ishirini za zawadi za kitchen party.

Kazi ile tuliimaliza siku ileile, kwa vitu vitano. Naandika mwongozo huu kwa ajili ya wanaoanza kama yeye, kwa sababu inaniuma kuona mtu anamaliza mtaji kwenye vifaa halafu anakosa fedha ya vinili.

Hatua ya 1: Andika kazi tatu

Chukua daftari uandike vitu vitatu utakavyokata mwezi huu, kila kimoja kwa jina lake. Usiandike "mapambo". Andika: lebo za makopo ya viungo, keki toppa (pambo la kuchomeka juu ya keki) ya mtoto wa jirani, fulana sita za kikundi.

Kila kazi inakuja na mahitaji yake. Lebo za makopo zinataka vinili ya kudumu na tepu ya kuhamishia, inayobeba vinili kutoka kwenye karatasi yake hadi kwenye kopo. Keki toppa inataka manila nzito, ya gramu 200 hadi 250, pamoja na vijiti vya mshikaki na gundi ya moto. Fulana zinataka vinili ya pasi (inayogandishwa kwa joto) na joto la uhakika, na tepu ya kuhamishia hazina haja nayo kabisa. Kitu ambacho hakimo katika kazi hizo tatu kiache dukani kwa sasa.

Hatua ya 2: Ijue mashine yako kabla ya kuinunulia chochote

Cricut na Silhouette ni majina ya mashine zinazotumika sana. Cricut Explore, Cricut Maker na Silhouette Cameo ya kawaida zinatumia mkeka wa upana wa inchi 12, yaani sentimita 30.5. Cricut Joy ni ndogo, mkeka wake ni inchi 4.5 tu, kwa hiyo ukinunua mkeka wa mwenzio hautaingia. Kisu cha gurudumu cha kukatia kitambaa na kile kisu kinene kinachokata mbao nyembamba hadi milimita 2.4 ni vya Maker. Mwenye Explore akivinunua havitamfaa kitu, hata muuzaji akimwapia.

Angalia na programu. Design Space ya Cricut inategemea sana intaneti, kwa hiyo bando liwe kwenye bajeti kama vinili ilivyo. Silhouette Studio unaweza kuifanyia kazi bila mtandao, ila toleo lake la bure halifungui faili za SVG, aina ya faili za michoro ya kukata. Watu wengi hununua michoro mizuri ya SVG, wakaja kugundua hilo baada ya kulipa.

Hatua ya 3: Visu

Nunua viwili vya aina moja. Kisu cha nyuzi 45 (pembe ya ncha yake) ndicho cha kazi za kila siku: vinili, vinili ya pasi, karatasi na manila ya kawaida. Cha nyuzi 60 ni cha vitu vinene, kama manila yenye glita nzito au foam nyembamba, na unaweza kukisubiri.

Kwa nini viwili vya 45? Kimoja kikate vinili tu, kingine karatasi tu. Karatasi hula makali haraka, na kisu kilichochoka ukikirudisha kwenye vinili kitang'oa kona za herufi badala ya kuzikata. Tia alama ya rangi ya kucha kwenye kimojawapo ili usivichanganye.

Kabla ya kutupa kisu ukidhani kimekufa, kitoe ukitazame kwenye mwanga. Mara nyingi kuna kinyuzi cha karatasi kimenasa ncha. Finyanga donge la karatasi ya foili ya jikoni, lichome kwa ncha ya kisu mara kumi au zaidi, kisha jaribu tena. Visu vyangu vingi vimefufuka hivyo.

Hatua ya 4: Mikeka, na hapa usibane matumizi

Kama una fedha ya kitu kimoja cha ziada, nunua mkeka wa pili. Kazi nyingi zinazoharibika kwa wanaoanza zinaharibikia hapa: nyenzo inasogea wakati kisu kinapita, mistari haikutani, mtu analaumu mashine.

Kwa Cricut, rangi ya mkeka inakuambia nguvu ya gundi. Bluu ni nyepesi, kwa karatasi laini. Kijani ni ya kati, kwa vinili na manila nyingi, na ndiyo ya kuanzia. Zambarau ni kali, kwa vitu vizito. Waridi ni ya kitambaa. Anza na kijani mbili. Ukipata kazi ya kadi za karatasi laini, ongeza bluu, maana kijani kipya kitachana karatasi yako wakati wa kuitoa.

Na kuitoa kuna namna yake. Watu huvuta karatasi kutoka kwenye mkeka, nayo inajikunja kama gome. Fanya kinyume: laza karatasi chini mezani, mkeka ukiwa juu, kisha kunja mkeka taratibu kuutenga na karatasi. Karatasi inabaki imenyooka mezani.

Miji ya pwani ina vumbi na jasho la mikono, vyote adui wa gundi. Rudishia karatasi ya plastiki iliyokuja na mkeka kila unapomaliza, hata kama unarudi baada ya chai. Mkeka ukichoka, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, ukisugua kidogo kidogo kwa mduara, kisha uache ukauke wenyewe, gundi ikitazama juu. Usiufute kwa taulo, utaupandikizia nyuzi. Mkeka wa waridi ndio pekee nisiouosha.

Hatua ya 5: Vifaa vya mkononi

Hapa ndipo kile kifurushi kinapokula fedha za watu. Unavyohitaji ni ndoano moja nzuri, kibano chenye ncha kali, kipande cha plastiki cha kusugulia, rula ya chuma ya sentimita 30, na kisu cha kawaida cha wembe wa kuvunja. Kadi ya benki iliyoisha muda inasugua vizuri kabisa.

Ndoano ndiyo ya kuchaguliwa kwa makini. Tunaitumia kuchambua, yaani kutoa sehemu zisizotakiwa baada ya kukata, kama unavyochambua mchele. Ipitishe ncha yake juu ya ukucha wa dole gumba. Ikikwaruza na kushika, nunua. Ikiteleza, ni butu. Ukikosa kabisa, sindano nene ya kushonea iliyochomekwa kwenye ufutio wa penseli itakufikisha.

Nilimwonyesha yule binti kwa herufi "a" ya sentimita moja. Usichome katikati ya kile kitundu cha ndani. Ingiza ncha pembeni, pale kisu kilipopita, nyanyua ukingo tu, kisha vuta kwa kulaza mkono, karibu sambamba na karatasi ya chini. Ukivuta kuelekea juu, herufi yote inafuata. Alipoteza "a" mbili, ya tatu ikabaki imekaa mahali pake, na uso wake ulibadilika.

Hatua ya 6: Vinili na tepu yake

Vinili za gundi ni za aina kuu mbili. Ya kudumu, mfano Oracal 651, ni ya kung'aa na inafaa chupa, ndoo, vioo na mabango madogo ya nje. Ya kubanduka, mfano Oracal 631, haing'ai, ni ya ndani, kwa kuta na mapambo ya sherehe yanayotolewa kesho yake. Kwa kikombe cha kunywea, acha nafasi chini ya ukingo. Vinili haikutengenezwa kugusana na midomo wala chakula.

Usiikimbilie ile iliyokatwa tayari vipande vya inchi 12. Nenda kwa wanaotengeneza mabango, Kariakoo au popote ulipo, uombe kukatiwa kwa mita. Roli nyingi zao zina upana wa sentimita 122, na 122 ukiigawa kwa 30.5 unapata vipande vinne kamili, bila masazo. Kila kipande cha urefu wa mita moja kinatoa miraba mitatu ya sentimita 30.5, na kinabaki kiukanda cha sentimita 8.5 cha majaribio. Mita moja ni miraba kumi na miwili. Anza na nyeusi, nyeupe na rangi moja anayoitaka mteja wako.

Tepu ya kuhamishia ichague kwa kuijaribu. Ikivuta vinili kutoka kwenye karatasi yake lakini ikaiachia kwenye chupa, hiyo ndiyo. Ikiwa kali mno, ibandike kwanza kwenye nguo yako ya pamba mara moja au mbili ipungue nguvu. Chupa yenyewe ifute kwa spiriti na uiache ikauke kabla ya kubandika.

Hatua ya 7: Kama utapiga fulana

Vinili ya pasi inawekwa kwenye mkeka upande unaong'aa ukitazama chini, na mchoro unageuzwa kama kwenye kioo. Ukisahau kugeuza, maandishi yatasomeka kinyumenyume na vinili hiyo haiokoleki.

Siser EasyWeed, kwa mfano, inataka nyuzi joto 150 kwa sekunde 10 hadi 15. Pasi ya nyumbani inaweza kuanza nayo: kwenye kirekebisha joto chake, nukta mbili ni karibu nyuzi 150, nukta tatu karibu 200. Joto lake halilingani uso mzima, kwa hiyo mimi huweka katikati ya hizo mbili, bila mvuke, juu ya meza ngumu iliyotandikwa taulo, nakandamiza bila kuburuta, na karatasi ya kuokea keki katikati. Fulana ya polista ijaribie kwanza sehemu iliyofichika.

Hiti presi, mashine ya kukandamiza fulana kwa joto, nayo ina jambo la umeme. Ya kwanza niliyotumia ililetwa na ndugu kutoka Marekani, na hakuna kati yetu aliyesoma kibandiko cha nyuma. Ilikuwa ya volti 120. Umeme wetu Tanzania ni 230, Kenya 240. Niliichomeka, ikatoa harufu, ikafa siku hiyohiyo na fulana ya mteja ikiwa ndani. Adapta ya mashine ya kukata kwa kawaida huandikwa 100–240V na haina shida, lakini vifaa vya joto vinavyouzwa kule mara nyingi ni vya 120 pekee. Soma kibandiko kabla ya kulipa.

Hatua ya 8: Kata mraba wa majaribio

Kile kiukanda cha sentimita 8.5 kazi yake ni hii. Kabla ya kila kazi, kata mraba wa sentimita mbili wenye pembetatu ndani. Ing'oe pembetatu kwa ndoano. Itoke yenyewe safi, na ukigeuza karatasi ya nyuma uone mkwaruzo hafifu tu. Ukiona imetoboka, punguza nguvu au urefu wa kisu. Kona zikishikilia, ongeza kidogo, hatua moja moja.

Vipimo vinavyofanya kazi viandike nyuma ya roli lenyewe kwa kalamu ya wino mzito: jina la nyenzo, kisu, nguvu, tarehe. Roli zisimame wima mbali na dirisha, kwani jua la mchana hulainisha gundi. Visu vilivyokwisha viweke kwenye kopo lenye kifuniko, juu kabisa, watoto wasipofika.

Yule binti amerudisha ndoano tano na kalamu zote dukani, akabadilishiwa mkeka wa kijani.