Kupima kaboni ya udongo pale msitu unapogeuzwa shamba au malisho

Kazi huanza kwa kuchagua maeneo yanayolinganishika: msitu uliobaki, shamba na malisho vilivyo jirani, kwenye mteremko uleule na udongo wa aina moja. Mkoani Mwanza jambo hili ni zito, kwa kuwa luseni, udongo wa kichanga wa juu ya mteremko, haulinganishwi na udongo mweusi wa mbuga ulio bondeni, hata kama mashamba yanapakana. Tofauti itakayopatikana itatokana na udongo wenyewe, si ukataji wa miti.

Chukua sampuli sehemu kadhaa za kila eneo, kwa tabaka, angalau hadi sentimita 30. Sehemu ya udongo ipepetwe kwa chekeche ya milimita 2, ipelekwe maabara kupimwa asilimia ya kaboni. Nyingine ichukuliwe kwa silinda ya chuma yenye ujazo unaojulikana, ikaushwe kwa nyuzi 105 za Selsiasi hadi uzito usibadilike; uzito huo ukigawanywa kwa ujazo wa silinda hutoa msongamano wa udongo.

Silinda hiyo isiachwe kamwe. Ng'ombe hushindilia ardhi, hivyo sentimita 30 za malisho hubeba udongo mwingi kuliko sentimita 30 za msitu, na malisho huonekana yametunza kaboni ambayo kwa kweli yameipoteza. Linganisha uzito sawa wa udongo, si kina sawa.

Asilimia ya kaboni ikizidishwa kwa msongamano, yaani gramu kwa kila sentimita ya ujazo, kisha kwa kina cha sentimita, hutoa tani kwa hekta: 2 × 1.2 × 30 ni tani 72. Penye kokoto nyingi, ujazo wake utolewe kwanza.